Siku Mbili Ambazo Mvua Haikupimwa

Nangara, Babati
Alhamisi, alasiri

Mwanangu Naomi,

Umetoka na mama yako kwenda Maisaka kumuaga bibi, na najua hamtarudi mapema, maana bibi yako hajawahi kumruhusu mtu aondoke kwake bila kula. Nimepata saa mbili tatu za kukaa mezani peke yangu. Begi lako liko hapa mlangoni. Nimelipita mara nne, na kila nikilipita nalisogeza kidogo kama vile limekaa vibaya. Halijakaa vibaya. Ni mimi ambaye sijakaa vizuri.

Mambo ya kula kwa wakati, kuchagua marafiki na kutunza vitambulisho mama yako amekwisha kukuambia, na kwa ninavyomjua atayarudia kesho stendi mbele ya kondakta. Mimi sitagusa huko. Nina jambo moja tu. Tumekaa pamoja wiki nzima na ningeweza kulisema kwa mdomo, tena nafasi zilikuwepo, lakini kila nilipoanza nilijikuta nazungumzia hali ya hewa ya huko Mbeya uendako. Kwa hiyo naandika, kama waoga wanavyofanya.

Juzi uliniambia, "Baba, nipe ile programu uliyomtengenezea Baba Mdogo. Nitaiendeleza huko chuoni muda wangu wa ziada." Nikakujibu nitakuwekea. Nimekuwekea, imo kwenye flashi ndani ya mfuko wa pembeni wa begi. Na kabla ya hapo, ulipokuwa unaomba ufadhili wa masomo haya ya utafiti, ulitusomea insha yako sebuleni. Uliandika kwamba baba yako, mtafiti wa mazao, alitumia jioni zake kumwandikia mdogo wake, mkulima wa Bonga, programu ya kujua siku ya kupanda, na kwamba kwa kumtazama akifanya hivyo ndipo ulipoipenda kompyuta. Mama yako alipiga makofi. Mimi nikasema natoka kidogo kuangalia kama kuku wamefungiwa. Hatukuwa na kuku, Naomi. Tulikuwa tumechinja wa mwisho Krismasi.

Sasa ngoja nikuambie kilichonitoa nje.

Ulikuwa darasa la pili. Manyara ilikuwa imetengwa na Arusha miaka michache tu, na Babati ilikuwa bado inajifunza kuwa makao makuu ya mkoa. Ofisi zilikaa kwenye nyumba za kupanga. Ukimtafuta bwana fulani wa idara fulani unaambiwa amehamia nyuma ya mashine ya kusaga. Sisi wa utafiti tulikuwa na vyumba viwili na kompyuta mbili, moja nzima na nyingine ya kubembeleza. Kazi yangu ilikuwa kuchakata takwimu: mahindi na mbaazi za mashamba ya majaribio, na mvua ya kila siku kutoka kwenye vipimo vilivyowekwa kwenye shule za msingi. Mwalimu mmoja kila shule alisoma kipimo asubuhi, akatupigia simu, nasi tukaandika.

Aliyekuwa akiingiza takwimu hizo ni Bi Fatma, yule wa familia ya duka la vitambaa. Huenda unamkumbuka kwa kashata zake. Alikuwa na utaratibu ambao hakuna mkuu wa ofisi aliyeweza kuubadilisha. Kila ukurasa ukishaingizwa, yeye anasoma daftari kwa sauti na mimi naangalia kwenye kioo, mstari kwa mstari.

"Tarehe nane, kumi na mbili nukta nne."

"Ipo."

"Tarehe tisa, haikupimwa."

"Tisa tatu. Ipo."

Tisa tatu ndiyo iliyokuwa alama yetu. Programu ya ofisi ya wakati ule haikukubali nafasi tupu, kwa hiyo siku ambayo kipimo hakikusomwa tuliandika 999. Kila mtu ofisini alijua kwamba hiyo si mvua. Maana yake ni hatujui. Nami, nikuambie ukweli, nilimwona Bi Fatma kama mtu anayehesabu punje za mchele kabla ya kupika. Nilikuwa nachungulia saa yangu, nikisubiri saa tisa na nusu nirudi nyumbani kwenye kompyuta yangu.

Ile kompyuta ya nyumbani unaikumbuka, ilivyokuwa ikinguruma. Ulikuwa unageuza ndoo na kukaa pembeni yangu. Nilitengeneza programu ya kwaya ya kupanga nyimbo kwa sauti zake, ambayo mwalimu wa kwaya aliitumia mara moja kisha akarudi kwenye daftari lake. Nilitengeneza mchezo wa bao, ukanifunga ndani ya kompyuta yangu mwenyewe. Ulidhani una akili nyingi. Mchezo ulikuwa na kasoro, nami nikanyamaza kwa jinsi ulivyokuwa ukifurahi. Samahani kwa hilo pia.

Nilizipenda sana zile jioni. Ofisini kila namba ilikuwa na mwenyewe: mradi, mfadhili, mkuu wa idara, taarifa ya robo mwaka. Nyumbani hakuna aliyeniuliza kitu. Nikitaka kubomoa nilichofanya jana, nabomoa. Huko uendako watakuja watu wa kukuambia uache michezo hiyo ushike utafiti uliokupeleka, na wengine watakuambia utafiti ni wa maskini, shika programu zako utajirike. Usiwasikilize sana wote wawili. Mtu anayefanya kazi ya watu mchana anahitaji kitu kidogo cha kwake jioni, la sivyo anakauka. Nisingekuwa na zile jioni, mama yako angeishi na mtu mkali kuliko huyu anayemlalamikia.

Kosa langu halikuwa kupenda. Nilidhani kwamba kwa kuwa kitu ni changu, basi hakimhusu mtu mwingine.

Baba yako mdogo Gwandu nilimpita miaka minne. Babu yako alikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja, na alipoangalia akaniona mimi. Gwandu alimaliza la saba akashika jembe, na mahindi ya jembe lile ndiyo yaliyonifikisha chuo kikuu. Hakuwahi kulitaja hata siku tuliyogombana. Kwa hiyo nilipopata kompyuta yangu, kitu cha kwanza cha maana nilichotaka kumfanyia mtu kilikuwa chake. Nilinakili takwimu za mvua za ofisi kwenye diski, nikazileta nyumbani, nikaandika programu iliyojumlisha mvua ya siku kumi, ikaangalia na miaka iliyopita, kisha ikaandika neno moja kwenye kioo: BADO au PANDA. Mimi nikamtumia Gwandu neno hilo kwa meseji.

Mwaka wa kwanza ilikwenda vizuri. Nilituma, akapanda, mvua ikaja kama iliyoagizwa. Basi Gwandu akawa mhubiri. Alikuwa akiitoa ile simu mfukoni baada ya ibada, anawaonyesha majirani: "Soma mwenyewe. Imetoka kwa kaka yangu mjini." Kufikia mwaka wa pili majirani wanne walikuwa wanamsubiri yeye ndipo wapande.

Bi Fatma alisikia habari hizo, maana Babati ni ndogo. Siku moja tukiwa kwenye kusoma kwetu akaniuliza, "Na ile ya kwako ya nyumbani, anayekusomea ni nani?"

Nikacheka. "Ile ni yangu mwenyewe, Bi Fatma."

"Ndiyo maana nauliza," akasema, akafungua ukurasa mwingine.

Mwezi wa kumi na moja mwaka ule programu iliandika PANDA. Nikatuma. Haikupita nusu saa Gwandu akapiga simu.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Umeipata meseji?"

"Nimeipata. Lakini Kaka, huku udongo mkavu. Nimechimba kwa jembe hapa nilipo, naona vumbi tu. Nipande kweli?"

Nilikuwa nimesimama hapa hapa sebuleni, na nakumbuka nilivyotabasamu. Nikamwambia, "Gwandu, wewe unaangalia shamba moja. Mimi naangalia namba. Namba hazidanganyi. Panda."

Kisha akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Alipanda mbegu yote. Ile mbegu Mama Paulina, mke wake, alikuwa ameichagua mhindi kwa mhindi wakati wa mavuno na kuitundika juu ya jiko ipate moshi. Majirani wanne nao wakapanda. Kikaja kimvua cha siku moja, mbegu zikaota, zikatoa vichwa, halafu jua likawaka karibu mwezi mzima. Mvua ya kweli ilipokuja haikuwa na kitu cha kunyeshea.

Wiki moja baada ya mimea kukauka nilikaa nikafungua zile takwimu nilizoleta kutoka ofisini. Sikuhitaji kutafuta mbali. Tarehe mbili zinazofuatana za kipimo cha Bonga ziliandikwa 999. Siku hizo mbili kulikuwa na msiba wa mzee mmoja kule, na unajua kwetu msiba ukitokea hakuna anayekwenda kazini. Mwalimu Lazaro, aliyekuwa akisoma kipimo cha shule, alikuwa makaburini na wanaume wenzake. Mimi mwenyewe nilijua kuna msiba. Nilituma rambirambi! Lakini programu yangu sikuwa nimeiambia kwamba tisa tatu si mvua. Ilizijumlisha. Kwa hesabu yake, Bonga ilikuwa imepata mvua ya kuizamisha Babati yote na mlima Kwaraa juu yake, na haikushtuka, kwa sababu sikuifundisha kushtuka. Ilitoa neno moja tu, na neno lenyewe halikuonyesha lilikotoka. Bi Fatma angekaa kando yangu jioni moja tu akasoma kwa ile sauti yake ya kuchosha, angefika kwenye tarehe ile akasema, "Haikupimwa," na mimi ningeshtuka.

Nilirekebisha. Ulikuwa mstari mmoja, dakika kumi hazikwisha. Nikazima kompyuta, nikamwambia mama yako mvua za mwaka huu zimetudanganya wote.

Jumapili iliyofuata Gwandu alikuja na baiskeli. Wewe ndiye uliyemletea chai, ukakaa mapajani kwake. Alitusimulia huku anacheka kwamba huko Bonga sasa amebadilishwa jina, anaitwa Bwana Panda. Watoto wa shule wanamwimbia njiani. Wale majirani wanne hawamsalimii, na mmoja amesema mbele ya watu kwamba mbegu yake imeliwa na simu ya Gwandu. Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa naangalia kikombe.

Halafu akaniuliza taratibu, bila hasira yoyote: "Hivi Kaka, zile siku mbili za msiba wa mzee, mvua alipima nani? Maana Mwalimu Lazaro tulikuwa naye, tulichimba wote kaburi."

Naomi, alinifungulia mlango. Alikuwa amekwisha kufikiri mwenyewe shambani, mtu wa darasa la saba, akafika pale pale nilipofika mimi kwa kompyuta. Nilitakiwa kusema tu, "Hakuna aliyepima. Nimekosea." Badala yake nikasema, "Kuna mtu mwingine alipima."

Akaniangalia. "Aa," akasema. "Basi sawa." Akamaliza chai, akakutekenya ukacheka, akapanda baiskeli yake akaenda.

Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini. Kwa muda nilijiambia ni kwa ajili ya kazi, maana mkuu wangu alikuwa amesikia habari za programu na alitaka niieleze kwa wageni wa mkoa, na kweli nilikuja kuieleza nikapewa cheti, kile kilichoko ukutani kwenye fremu. Lakini siyo hivyo. Ni kwamba yeye alibaki shambani ili mimi nisome. Kama msomi ndiye aliyekosea na mkulima ndiye aliyekuwa sahihi, na jembe lake mkononi, basi miaka yake ilikwenda wapi? Sikuweza kumtazama machoni nikamwambia hivyo. Nikaona afadhali alaumiwe mwingine, na mwingine akawa yeye.

Baada ya mavuno ambayo hayakuwepo akahamia Kiteto kukodi shamba. Alisema anafuata ardhi kubwa. Mwaka wa pili akaugua huko, na waliporudi naye alikuwa hasemi tena. Unakumbuka mazishi yake. Unakumbuka kwamba mimi ndiye niliyelia kuliko watu wote hadi wakanishika mikono, na akina mama wakasema, huyu alimpenda mdogo wake. Nilimpenda kweli. Nilikuwa nalia pia kwa sababu wale majirani wanne walikuwa wamesimama pale wakinionea huruma, na hata mbele ya kaburi lililo wazi mdomo wangu haukufunguka.

Tangu siku ile kazi ya ofisi nimeifanya kwa uangalifu ambao watu wanausifu. Vijana wapya wananiita mzee wa kuhakiki. Wanadhani ni tabia yangu.

Kwa hiyo sikuombi uache vitu vyako vya jioni. Vifanye, na uvipende. Ila mtafute Bi Fatma wako, hata kama hajui kompyuta, hata kama anachosha, umsomee naye akusomee. Na siku mtu wa shambani akikuambia udongo ni mkavu, weka simu chini uende ukaguse udongo. Zaidi ya hapo sina hekima. Programu unaweza kuirekebisha hata baada ya miaka kumi. Gwandu aliniuliza mara moja tu.

Jana sikwenda ofisini kama nilivyowaambia. Nilikwenda Bonga kwa Mama Paulina. Nilimkuta anachagua maharage kwenye ungo, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote, hata zile tisa tatu. Hakuinua kichwa. Nilipomaliza akasema, "Gwandu alijua, Shemeji."

"Alijua?"

"Jumapili ile ile aliporudi kutoka kwako. Aliniambia, kaka amekosea na ameogopa. Tumwache, atakuja kuniambia mwenyewe." Akapepeta ungo kidogo. "Hata kule Kiteto simu ikilia aliuliza kwanza, ni kaka?"

Mwanangu, nimeishi miaka hii yote nikidhani nimemficha. Kumbe alikuwa ananisubiri. Nilimpigia simu nyingi sana kule. Nilimuuliza habari za malaria, habari za barabara, bei ya gunia.

Nilimwomba Mama Paulina anisamehe. Ndipo akanitazama kwa mara ya kwanza, akasema, "Mimi hapa ndani sina la kukusamehe. Waliomcheka mume wangu walimcheka barabarani. Kaseme barabarani."

Nikamwahidi. Jumapili hii baada ya ibada, watu wakiwa bado wamesimama nje ya kanisa la Bonga, wale majirani watatu waliobaki wakiwepo na watoto wao, nitasimama niseme. Niliporudi njiani ndipo nilipogundua kwamba nimechagua Jumapili kwa sababu wewe Ijumaa utakuwa umekwisha kuondoka. Unaona? Hata kutubu kwenyewe nimekutafutia pa kujifichia. Ndiyo maana nimekaa hapa nikaandika, na ndiyo maana sitakupa barua hii kesho dirishani basi likiwa linatoka. Nitakupa leo, uwe na jioni nzima ya kunitazama usoni.

Insha yako haina uongo wako hata kidogo. Uongo ni wangu, na nitaubeba mimi. Wewe uliandika ulichokiona ukiwa umekaa juu ya ndoo, na siku ile ya ndoo kilikuwa kweli. Kama utataka kuwaandikia wafadhili wako jambo lolote, andika. Kama hutaki ile flashi, itoe uiache mezani, sitauliza. Na kama utataka tiketi isogezwe hadi Jumatatu ili Jumapili uwe Bonga, mimi mwenyewe nitakwenda stendi kuibadilisha. Sikuombi ubaki. Kusema kweli naogopa ukibaki, na naogopa usipobaki.

Nasikia sauti ya mama yako njiani, anacheka kwa kitu ulichomwambia. Mmewahi kurudi. Sijamaliza kuandika, na nilikuwa nataka kuisoma tena barua hii kutoka mwanzo, lakini nikiisoma nitaikunja niitie mfukoni, na kesho nitakuaga kwa maneno ya hali ya hewa. Basi ninanyanyuka hivi hivi, nakuletea hapo mlangoni.

Baba yako.